Ukubwa ni Jaa: Nahodha wa Méduse na Siri ya Vyeo

Miongoni mwa maswali ambayo watu wa kazi huulizana kwa sauti ya chini, wakati wa kunywa kahawa au wakati wa kufunga milango ya afisi, hakuna lililo kongwe kuliko hili: imekuwaje fulani, asiyeijua kazi, akawa mkubwa wa wanaoijua? Wako wasemao ni bahati, wako wasemao ni fitina, na wako wanaonyamaza wakatikisa kichwa. Historia haitosheki na kutikisa kichwa. Hudai mfano uliotimia, wenye mwanzo na mwisho, ambao ndani yake sababu zaweza kutenganishwa moja moja kama nyuzi za kamba iliyofumuliwa.

Bahari imeuhifadhi mfano wa namna hiyo. Nchi kavu humvumilia asiyejua. Makosa yake hufunikwa kwa barua, hutwikwa walio chini yake, na huenda akastaafu kwa heshima kabla hayajadhihirika. Bahari haina subira hiyo, wala fungu la mchanga halisomi hati ya uteuzi. Ndiyo maana kisa cha manowari ya Kifaransa iitwayo Méduse, iliyokwama mbele ya pwani ya Mauritania mwaka 1816, kinafaa kusimuliwa upya kwa watu wa pwani, ambao hawahitaji kufafanuliwa maana ya bildi, bamvua na kamba iliyokatwa.

Kisa chenyewe chaanzia mbali na maji. Mapinduzi ya Ufaransa ya mwaka 1789 yalipopamba moto, maafisa wengi wa jeshi la majini, waliokuwa wana wa masharifu wa nchi hiyo, waliikimbia nchi yao. Mmoja wao alikuwa Hugues Duroy de Chaumareys, aliyezaliwa mwaka 1763. Mwaka 1795 alishiriki katika jaribio la wafuasi wa mfalme kuteka Quiberon, akakamatwa, akatoroka. Wakati yeye akiishi uhamishoni, vijana wengine, wasio na nasaba ya kutajwa, walibaki merikebuni na kupigana vita vya Napoleon mwaka baada ya mwaka. Walishindwa mara nyingi na Waingereza, lakini walijifunza kazi.

Napoleon alipoanguka mara ya pili, mwaka 1815, mfalme Louis XVIII alirudi katika kiti chake, na pamoja naye wakarudi waliomfuata ughaibuni. Walirudi na madai. Walikuwa wamepoteza mashamba, majumba na ujana wao kwa ajili ya mfalme. Sasa walitaka kulipwa, na hazina haikuwa na fedha za kuwalipa wote. Kilichokuwapo kwa wingi ni vyeo. Waziri wa majeshi ya majini, Dubouchage, naye akiwa mtumishi wa zamani wa ufalme, aliwarejesha kazini wengi wa watu hao. Chaumareys, ambaye kwa takriban miaka 20 hakuwa na kazi ya baharini ya kutajika, alipewa manowari ya mizinga 40, na juu ya hapo akapewa amri ya msafara mzima wa merikebu nne.

Safari ilikuwa ya heshima. Kwa mikataba ya amani, Uingereza ilikubali kuirudishia Ufaransa makoloni yake ya Senegal, na ilipasa gavana mpya, Kanali Julien Schmaltz, apelekwe Saint-Louis pamoja na aila yake, askari, makarani na wataalamu. Méduse, Loire, Argus na Écho ziling'oa nanga karibu na Rochefort tarehe 17 Juni 1816. Ndani ya Méduse walikuwamo watu wapatao 400.

Hatari ya njia ile ilikuwa ikijulikana. Mbele ya pwani ya Mauritania kuna fungu kubwa la Arguin, ambalo mchanga wake umeenea mbali sana na nchi, na maagizo ya wizara yenyewe yalimwonya nahodha alizunguke. Lakini gavana alikuwa na haraka ya kufika, na Méduse ilikuwa na mbio kuliko wenzake. Nahodha akaiachia tanga. Merikebu nyingine zikabaki nyuma, moja baada ya moja, hata ile iliyoweza kumwonyesha ishara za taa usiku ikapotea machoni.

Hapo ndipo anapoingia mtu wa pili wa kisa hiki. Alikuwa abiria aliyeitwa Richefort, mmoja wa jumuiya iliyokuwa ikienda kutafuta makazi katika Cape Verde ya Senegal. Hakuwa na cheo chochote katika merikebu ile. Alikuwa na kitu kimoja tu: alisema kwamba anaijua pwani ile, na alisema bila kusita. Nahodha alimwamini. Maafisa wake mwenyewe, waliokuwa wametumikia bahari katika miaka ya vita, walipotoa shaka zao hawakusikilizwa. Wao walikuwa watu wa Napoleon, na neno lao lilikuwa na harufu ya uasi hata liliposema juu ya kina cha maji.

Tarehe 1 Julai walivuka mstari wa tropiki, na mabaharia wakaachiwa wafanye mchezo wao wa desturi wa kuvuka. Siku ya pili, wingu lililoonekana mbali lilikuwa limekwisha kuhesabiwa kuwa ni Rasi Nyeupe, na njia ikapangwa kwa kipimo cha wingu. Maji yakabadilika rangi. Mchanga ukaonekana ukizunguka ndani ya mawimbi. Afisa mmoja kijana akatupa bildi, akapata pima 18 tu, akatoa habari. Amri ya kugeuza chombo ilikuja, lakini ilikuja imechelewa. Alasiri ya tarehe 2 Julai Méduse ilipanda fungu, nayo ilipanda wakati wa maji makuu, ambapo mtu wa pwani anajua kwamba bahari haina tena maji ya kukopesha. Ilishauriwa chombo kipunguzwe uzito. Nahodha akakataa mizinga isitupwe, kwa kuwa ilikuwa mali ya mfalme.

Mashua zilikuwa sita, zisizotosha watu wote. Likaundwa chelezo la milingoti na mbao, lenye urefu wa kama mita 20 na upana wa mita 7, na tarehe 5 Julai wakapandishwa juu yake watu 147, mmoja wao mwanamke. Lilizama chini ya uzito wao hata maji yakawafika kiunoni. Ahadi ilikuwa kwamba mashua zitalivuta mpaka nchi kavu. Gavana na nahodha walikuwa ndani ya mashua, naye nahodha alishuka katika chombo chake huku wengine wangalimo. Baada ya mwendo mfupi kamba ziliachiwa, na chelezo likabaki peke yake, bila tanga la maana, bila dira ya kuaminika, pamoja na mapipa machache ya divai na maji, na biskuti zilizokwisha siku ile ile.

Yaliyotokea katika siku 13 zilizofuata yalisimuliwa na wawili walionusurika, tabibu Henri Savigny na mhandisi Alexandre Corréard, katika kitabu walichokitoa mwaka 1817. Kulikuwa na mapigano ya usiku, wagonjwa walitupwa majini, na walio hai walikula nyama ya wafu. Tarehe 17 Julai Argus ililikuta chelezo likiwa na watu 15. Watano kati yao walifariki baada ya kufikishwa Saint-Louis. Watu 17 walikuwa wamebaki ndani ya Méduse yenyewe. Ilipofikiwa baada ya siku 54, watatu tu walikuwa wazima.

Sasa swali la mwanzo laweza kuulizwa kwa utulivu. Chaumareys alifikaje penye usukani?

Jibu la kwanza ni kwamba cheo kilitumika kama malipo. Hakupewa manowari kwa sababu kuna aliyedhani ni baharia hodari. Alipewa kwa sababu alidai deni, na deni lenyewe lilikuwa la kweli. Aliteseka kwa ajili ya mfalme wake. Kosa lilikuwa katika aina ya sarafu. Uaminifu waweza kulipwa kwa fedha, kwa ardhi, kwa nishani, kwa kiti cha mbele karamuni. Unapolipwa kwa usukani, anayelipa hasa si mwenye deni bali abiria. Tawala zinazorudi baada ya kuanguka, vyama vinavyoshinda baada ya mapambano marefu, na jamaa zinazoanzisha biashara kwa jasho la ndugu, zote hukutana na kishawishi hiki, na aghalabu hushindwa nacho huku zikiamini kwamba zinatenda wema.

Jibu la pili ni kwamba aliyechagua hakupanda chombo. Waziri alikuwa Paris. Kwake yeye, nahodha mtiifu asiyejua bahari alikuwa na hatari ndogo kuliko nahodha mjuzi aliyemtukuza Napoleon. Kwa kipimo cha aliyekaa nyuma ya meza hesabu hiyo haikuwa ya kipumbavu. Yafaa kulisisitiza jambo hili, kwa kuwa watu hudhani kwamba asiyefaa hupanda kwa sababu wakubwa hawaoni. Mara nyingi wanaona. Ila wanalolitafuta silo analolitafuta anayeifanya kazi. Mjuzi ana ulimi, ana njia yake, na siku moja huenda akakikalia kiti cha aliyemteua. Asiyejua humtegemea mteuzi wake kwa pumzi na uhai.

Jibu la tatu ni Richefort. Asiyejua anapokuwa mkubwa, hutafuta mtu wa kumtuliza moyo, na anayejua kweli si mtulizaji. Ujuzi huja na shaka: rubani wa kweli husema “huenda”, hupima tena, huomba chombo kipunguze mwendo. Anayejidai husema “naijua pwani hii kama kiganja changu”. Debe tupu haliachi kuvuma, na sikio lisilozoea sauti za bahari hudhani uvumi huo ni wa bahari yenyewe. Hivyo asiyefaa mmoja huzaa wa pili, na wa pili hana hata hati ya uteuzi.

Jibu la nne ndilo chungu kuliko yote: waliojua walitii. Walinung'unika, walionya, walipima maji. Lakini saa ilipofika hawakuuondoa mkono wa nahodha kwenye amri. Sheria ya kijeshi iliwafunga, nayo ina sababu zake, kwa maana chombo chenye amri mbili huenda mrama. Methali husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Juu ya fungu la Arguin, waliosikia la mkuu ndio waliovunjika, na zaidi ya guu.

Ni vyema kulitazama jambo hili kwa jicho la Bahari ya Hindi, kwa kuwa mabaharia wa bahari hii walilijua tatizo lenyewe zamani na wakalitafutia dawa. Katika vyombo vikubwa vya biashara vya karne zilizopita, nahodha aghalabu alikuwa mwenye mali au wakili wa mwenye mali. Hakulazimika kuwa mjuzi wa nyota. Pembeni mwake alikaa mwalimu, aliyejua dira, mikondo, milima ya pwani na nyakati za pepo, na katika mambo ya njia neno lilikuwa lake. Heshima ya mali ilikuwa na kiti chake, na elimu ilikuwa na kiti chake. Mwana wa tajiri aliweza kuitwa nahodha bila kukizamisha chombo, maadamu hakumnyang'anya mwalimu kazi yake.

Elimu ile haikuwa ya kudaiwa tu. Ahmad bin Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba na mwalimu mashuhuri wa karne ya 15, aliitunga kwa mashairi. Utungo wake mrefu uitwao al-Hawiya ni wa mwaka 1462, na mwingine unaeleza njia ya kwenda Sofala. Wanahistoria wa leo wana shaka kubwa juu ya ile hadithi kwamba yeye ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498. Lakini tungo zake hazina shaka, wala haja iliyozizaa haina shaka. Mizani na kina viliwekwa ili elimu ikae moyoni, mahali ambapo mawimbi hayawezi kuirowanisha, na ili mwanafunzi aweze kusomewa na kusahihishwa. Anayelijua shairi la njia hujulikana kwa kulisoma. Anayejidai hukwama beti ya pili.

Uingereza nayo ilipitia njia yake. Katika karne ya 17 manowari zake ziligombaniwa na manahodha mabwana, waliotoka katika majumba ya wakuu, na manahodha waliokulia kwenye lami na kamba. Aliyeleta kipimo alikuwa karani, Samuel Pepys. Mwaka 1677 kulipitishwa kanuni kwamba hakuna atakayekuwa luteni wa manowari pasipo kuwa na utumishi wa baharini usiopungua miaka mitatu na kufaulu mtihani mbele ya wajuzi. Mwana wa bwana angeweza bado kupendelewa, lakini ilimpasa kwanza ajue.

Lakini Pepys mwenyewe ni fundisho lisilotarajiwa. Alikuwa mwana wa mshonaji nguo, na mwaka 1660 aliingia katika afisi ya majeshi ya majini kwa mkono wa jamaa yake mkubwa, Edward Montagu. Hakujua lolote juu ya merikebu. Mwaka 1662, akiwa na umri wa miaka 29, alikuwa akifundishwa na baharia mmoja jedwali la kuzidisha, akiamka alfajiri kulikariri. Alijifunza kupima mbao, akajifunza bei za kamba na katani, akawauliza mafundi bila kuona haya. Kwa kipimo cha karatasi, siku ya kwanza alikuwa asiyefaa kama Chaumareys. Tena Chaumareys angalau aliwahi kuwa afisa wa majini. Tofauti yao haikuwa katika mlango walioingilia. Mmoja alikichukua cheo kama deni alilolipwa, mwingine alikichukua kama deni analodaiwa.

Hapa pana onyo kwa wote wanaolalamika juu ya wakubwa wasiofaa. Kutofaa si kukosa cheti. Walioelimishwa na kazi yenyewe, na waliojisomea kwa taa ya usiku, wamebeba mizigo mizito ya dunia hii; na wako wenye vyeti vingi ambao maji yalipobadilika rangi walitazama wingu. Kipimo ni kama mtu anaweza kuambiwa “hujui” naye akashukuru.

Jeshi la nchi kavu la Uingereza lilichelewa zaidi. Huko vyeo vingi viliuzwa na kununuliwa kwa fedha waziwazi, na utetezi wake ulikuwa kwamba mwenye mali hatakuwa mwasi: hoja ile ile ya waziri wa Ufaransa, imevaa joho jingine. Lord Cardigan, aliyepanda kwa njia hiyo ya ununuzi, ndiye aliyekuwa mbele ya farasi wapatao 670 walioshambulia mizinga ya Warusi huko Balaklava tarehe 25 Oktoba 1854, kwa amri iliyovurugika midomoni mwa wakubwa wasiosikilizana. Ununuzi wa vyeo haukufutwa mpaka mwaka 1871.

Mwaka 1969 mwalimu wa Kanada, Laurence Peter, pamoja na Raymond Hull, walitoa kitabu kilichoongeza sababu nyingine: kwamba katika ngazi ya kazi kila mtu hupandishwa kwa kuifanya vizuri kazi aliyonayo, mpaka afike kwenye kazi asiyoiweza, akakaa hapo. Fundi hodari huwa msimamizi dhaifu. Mwalimu bora huwa mkuu wa shule anayepotea. Kilitungwa kwa mzaha, lakini kina ukweli wake. Hata hivyo hakitoshi kumweleza Chaumareys, ambaye hakupandishwa kwa kufanya vizuri chochote baharini. Peter alieleza jinsi wanaostahili wanavyopitiliza. Méduse yaeleza jinsi wasiostahili wanavyowekwa, na mambo hayo mawili yasichanganywe, kwa maana dawa zake ni mbalimbali: wa kwanza arudishwe penye kazi yake kwa heshima, wa pili asingepewa kazi.

Ufaransa ililipa nini? Taarifa ya Savigny ilipotoka katika gazeti la Paris mwezi Septemba 1816, ghadhabu ilikuwa kubwa. Baraza la kijeshi lilimhukumu Chaumareys mwaka 1817: alivuliwa utumishi na kufungwa miaka mitatu, ilhali shtaka la kulitelekeza chelezo halikumpata. Waziri Dubouchage aliondolewa mwaka ule ule. Savigny na Corréard, kwa kusema, walipoteza kazi zao za serikali. Na tarehe 10 Machi 1818, chini ya Gouvion-Saint-Cyr, waziri wa vita, ilitoka sheria iliyoweka kanuni za kupandishwa vyeo jeshini kwa utumishi na ustahiki, ambayo wafuasi wakali wa mfalme waliipinga kwa nguvu zote. Haikuandikwa kwa ajili ya Méduse peke yake, lakini taifa lililokwisha kusikia habari za chelezo halikuhitaji kuelezwa maana yake.

Mwaka 1819 mchoraji kijana, Théodore Géricault, aliwaonyesha watu wa Paris picha yenye urefu wa karibu mita tano na upana wa zaidi ya mita saba, ambayo leo imo katika makumbusho ya Louvre. Ni chelezo katika siku yake ya mwisho. Chini wamelala wafu. Katikati wanyonge wanajivuta. Juu kabisa mtu mweusi amebebwa na wenzake, anapunga kitambaa kuelekea nukta ndogo ya tanga upeoni.

Wazee wa pwani husema ukubwa ni jaa. Maana yake ni kwamba mkubwa hutupiwa kila taka, naye hana budi kuzipokea: lawama, hasara, machozi ya watu. Aliyeketi juu ya jaa lake anastahili kuitwa mkubwa, awe aliingia kwa mtihani au kwa mkono wa jamaa. Katika picha ile kubwa yamo yote yaliyotupwa na safari ya Méduse. Nahodha peke yake hayumo.